Moyo uliotakata: neno la bibi wa Magila

Swali: *Shikamoo mwalimu. Bibi yetu, mzaliwa wa Magila kule Muheza, alifariki mwaka jana. Alikuwa mgumu wa kusifu watu, ila mara chache akimkubali mtu alisema, "Yule moyo wake umetakata." Tunaandaa kijitabu cha ibada ya kumbukumbu, nikapendekeza maneno hayo tuyaweke chini ya picha yake mwenyewe. Mdogo wangu kakataa katakata. Anasema kutakata ni mambo ya fedha za wizi, tena neno lenyewe limetoka kwenye taka. Mjomba naye kasema tuandike "mtakatifu", yaishe. Kutakata ni nini hasa, kumetoka wapi, na nani kati yetu yuko sawa?*

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mmenipa kazi ninayoipenda, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kutakata ni kuwa safi kabisa, usafi wa kitu kisichobakiwa na doa wala ukungu. Kabla ya kufika moyoni, neno hili hukaa kwenye vitu vya kuonekana kwa macho. Mvua ya usiku ikishakatika na mawingu yakaondoka, mbingu zimetakata. Maji ya kisima yaliyotuama mpaka ukaona changarawe chini yametakata. Sufuria iliyokuwa nyeusi kwa masizi, ikasuguliwa kwa jivu na maganda ya ndimu mpaka ikarudisha mng'ao wake, nayo imetakata. Ukiitazama mifano hii utaona usafi wa kutakata una mwanga ndani yake. Chumba kilichofagiliwa ni safi, lakini sijamsikia mzee akisema kimetakata. Kitu kinachotakata hukiruhusu jicho lipenye au hurudisha nuru.

Bibi alipolipeleka neno hilo kwenye moyo wa mtu, hakuwa anasema tu kwamba mtu huyo ni mwema. Kiswahili kina maneno mengi ya wema na kila moja lina upande wake. Mwadilifu ni wa haki, humjua kwa anavyogawa na anavyoamua. Mwaminifu humjua kwa ulichomkabidhi. Mnyofu ametoka kwenye kunyoka, yaani njia yake haina kona. Aliyetakata moyo husifiwa kwa jambo ambalo halimo kwenye matendo, nalo ni kwamba ukimchungulia mpaka chini hukuti kitu alichokificha. Hana kinyongo alichokilaza, hana nia ya pili nyuma ya ile anayoitaja. Ndiyo maana sifa hiyo hutolewa kwa nadra. Matendo ya mtu unaweza kuyaona kwa wiki moja. Moyo wake utauona baada ya miaka, pengine baada ya kugombana naye.

Tazama pia kwamba bibi alisema *umetakata*, hakusema *unatakata*. Kitenzi hiki ni cha hali, ndugu wa kuiva, kulowa na kunyooka. Embe linaiva leo na kesho, lakini likifika tunasema limeiva. Moyo nao hivyo hivyo. Kwenye *-me-* ile kuna hukumu ya mtu aliyetazama muda mrefu.

Sasa asili, ambako mdogo wako ana hoja inayosikika vizuri masikioni. *Taka* na *takata* yanafanana mno kiasi kwamba kila kizazi hujaribu kuyaoanisha. Wanaofanya hivyo husema kutakata ni kuondokewa na taka. Mimi siungi mkono, na sababu yangu ni ya sarufi.

*Taka* ni jina la kitu. Majirani zetu wa maziwa makuu wanalo jina linalofanana nalo, na kwao ni udongo wenyewe: Mnyarwanda ana *itaka*, Mganda ana *ettaka*. Kwa mkulima udongo ni mali. Ukiingia ndani ya nyumba au ukishika kwenye nguo, hapo ndipo unakuwa taka. Hadi hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye kiishio *-ta*. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya zamani vyenye *-ata* mwishoni, na maana yake huwa ni kushika, kubana, kugandamana: kutoka kufumba tunapata kufumbata, kutoka kukama tunapata kukamata, na kuambata nako kumo humo humo. Hiki si kiishio cha kuondoa. Kazi ya kuondoa na kugeuza huwa inafanywa na *-ua* na *-oa*: funga na fungua, ziba na zibua, choma na chomoa. Basi kama wazee wangetaka kutengeneza kitenzi cha kuondoa taka kutoka kwenye *taka*, wangefuata njia hiyo ya *-ua*. Na kama wangeongeza *-ta* kwenye *taka*, tungetegemea kitenzi cha kugandwa na uchafu, yaani kinyume kabisa cha maana tuliyo nayo. Kwa hiyo *taka* na *takata* ni maneno mawili yanayogongana kwa sauti tu.

Mgongano huo una raha yake, hata hivyo, na watafsiri wa Biblia waliukuta mbele yao. Katika tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, ile ambayo bibi yako bila shaka aliisoma, mwenye ukoma anamwambia Yesu, "Bwana, ukitaka, waweza kunitakasa." Jibu ni maneno mawili: "Nataka, takasika." Hapo imeingia *taka* ya tatu, ya kutamani, na masikio ya Kiswahili yanazipokea zote kwa pamoja. Soma kwa sauti Mathayo 8 uone namna inavyodunda.

Kuna na wengine, hasa vijana waliosoma Kiarabu kidogo, wanaosema *takatifu* ni *mukaddas* iliyochakachuliwa. Hili tulipite haraka. Mzizi wa Kiarabu wa k-d-s Kiswahili kiliupokea kwa mlango wake, tukapata *Kuddusi*, na d yake na s yake zipo pale pale. *Takatifu* ina *-fu* ya Kibantu, ambayo mara nyingine husikika *-vu*, ile ile ya tulivu, pungufu, angalifu na kunjufu. Neno ni la nyumbani.

Tena ni la siku nyingi, na ushahidi wa umri wake umo kwenye *takasa*. Leo ukitaka kusababisha jambo unaongeza *-isha* au *-esha*: pika, pikisha, soma, somesha. Lakini zamani sana Kiswahili kilikuwa na njia nyingine, ya irabu *i* nyembamba iliyokuwa ikiingia baada ya konsonanti na kuilainisha. Ilipokutana na *t* iliigeuza kuwa *s*. Ndiyo maana kitu kinachonata kinaweza kunasa. Ndiyo maana anayefuata ni mfuasi. Na ndiyo maana kinachotakata kimetakaswa. Njia hiyo imekufa. Hakuna anayeitumia leo kuunda kitenzi kipya. Jozi ya *takata* na *takasa* kwa hiyo ilikuwapo kabla ya vyuo vya misheni na kabla ya kamusi yoyote, katika vinywa vya watu waliokuwa wakizungumza habari za mbingu na maji na vyombo.

*Takatifu* ndilo linaloelekea kuwa jipya zaidi, jipya kwa kipimo cha lugha. Lingeundwa wakati ule wa kulainisha, *t* yake ingegeuka kama ilivyogeuka ya *mfuasi*, na leo tungekuwa na *takasifu*. Imebaki *t* kavu. Yaani aliyeliunda, awe nani, alichukua *takata* nzima akaipachika *-ifu* baada ya kanuni ya zamani kulala. Kaka zake ni kamilifu na badhirifu, ambayo *-ifu* imepachikwa juu ya maneno ya Kiarabu yaliyofika baadaye.

Maana nayo ilisogea. *-fu* hutaja tabia ya kudumu: mtulivu si mtu aliyetulia leo jioni, ni mtu ambaye ukimkuta saa yoyote utamkuta vile. Mtakatifu, kwa muundo wa neno tu, ni ambaye kutakata ndiyo tabia yake. Kwa mtu wa kawaida sifa hiyo ni kubwa kupita kiasi, na hapo ndipo dini zilipolichukua.

Magila, alikozaliwa bibi, ni kituo cha zamani cha UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, na mtu aliyelifanyia Kiswahili kazi kubwa kuliko wote katika misheni hiyo ni Edward Steere, aliyekuwa askofu Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 1882. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilitoka 1870. Kamusi ya Krapf wa Mombasa ilichapwa 1882, mwaka mmoja baada ya Krapf mwenyewe kufa. Watu hawa walipokuwa wakitafuta neno la utakatifu wa Mungu walikuwa na maneno ya Kiarabu tele mkononi, kwa kuwa walizungukwa na Waislamu. Kanisa likaishia kwenye *takatifu*, na mimi naona lilichagua vizuri.

Ila uchaguzi huo ulikuja na kero, na kero hiyo ndiyo inayonifurahisha zaidi katika habari nzima. *Kutakasa* kunamaanisha kulikuwa na uchafu. Huwezi kutakasa kilicho safi tayari. Sasa unamfanyaje Mungu, au Kristo, wakati maandiko yenyewe yanatumia kitenzi kimoja kwa wote?

Anza na Sala ya Bwana. Kigiriki cha sala ile kinaomba jina la Mungu lifanywe takatifu. Kwa mantiki ya kamusi tungepaswa kusema "jina lako litakaswe". Jaribu kulitamka hivyo kanisani Jumapili, uone watu watakavyogeuka. Sikio la Mswahili lingeuliza mara moja: kwani lilichafuliwa na nani? Tukapata *litukuzwe*.

Nenda Yohana 17, ambako jambo ni la wazi zaidi. Aya ya 17 yasema, "Uwatakase kwa ile kweli, neno lako ndiyo kweli." Aya ya 19 yasema, "Na kwa ajili yao najiweka wakfu mwenyewe, ili na hao watakaswe katika kweli." Kigiriki kina kitenzi kile kile mara zote tatu. Wanafunzi wanatakaswa, lakini Yesu *anajiweka wakfu*, kwa neno la Kiarabu lililotoka kwenye sheria ya mali za misikiti. "Najitakasa" kungempa doa asilokuwa nalo. Hakuna mahubiri yaliyowahi kunieleza maana ya *takasa* vizuri kama mkwepo huo mmoja.

Na Yakobo 4:8: "Itakaseni mikono yenu, enyi wenye dhambi, na kuisafisha mioyo yenu, enyi wenye nia mbili." Mtu wa leo angeandika kinyume, mikono isafishwe na mioyo itakaswe, kwa sababu kwake *safisha* ni sabuni na *takasa* ni sala. Mstari huu unatuonyesha kwamba kwa waliouandika, mikono bado iliweza kutakaswa bila mtu kushangaa. Neno lilikuwa halijapandishwa madhabahuni lote.

Upande wa Uislamu neno lilichukua njia nyingine. Msomaji wa tafsiri za Kurani hukutana nalo kwanza kwenye *Subhana*, inayofasiriwa "Ametakasika". Sura ya 17 inafunguka kwa neno hilo. Hapa kero ya wakristo haikuwapo, kwa sababu *-ka* ya *takasika* haimtaji mtendaji. Haisemi kuna aliyemtakasa; inasema yuko mbali na kila upungufu. Kwa nafsi ya mwanadamu, ambayo doa inalo, kitenzi kinarudi kuwa cha kutenda: sura ya 91 inasema amefanikiwa aliyeitakasa. Zaka nayo hufundishwa madrasani kama kutakasa mali. Lakini kivumishi chenyewe Waislamu wengi hukiogopa kidogo. Mwezi wa Ramadhani ni Mtukufu, Msikiti wa Makka ni Mtukufu. Sheikh Abdullah Saleh Farsy aliiita tafsiri yake ya 1969 *Qurani Takatifu*, ila leo utasikia zaidi Kurani Tukufu. Nadhani *mtakatifu* limeshanukia kanisa.

Na kuna kubadilishana kunakochekesha. Waislamu wa pwani wanaeleza *Subhana* kwa kitenzi cha Kibantu. Wakatoliki nao, walipohitaji jina la mahali roho zinapotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, walichukua *tohara*, neno la Kiarabu la usafi wa kisheria ambalo Waislamu hulihitaji kabla ya kila sala, wakaliongezea *-ni* na kupata *toharani*. Wakati huohuo neema inayomfanya mtu rafiki wa Mungu wakaiita *neema ya utakaso*. Maneno yamevuka ua pande zote mbili na hakuna aliyedai kurudishiwa. Hiyo *tohara* yenyewe imepata mkasa wake: mtaani leo ukiitaja, watu wanaelewa jando tu.

Neno letu limetembea pia nje ya Kiswahili. Wakatoliki wa Rwanda husema *Roho Mutagatifu*, na lile *g* ni alama ya lugha yao: *k* ikifuatwa na silabi yenye *t* hulainishwa kuwa *g*. Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifungua misheni ya Save, Rwanda, mwaka 1900, na Kiswahili kilikuwa mzigoni mwao. Waprotestanti wa huko na wa Burundi hawakulitaka neno la kukopa. Rwanda husema *Umwuka Wera* na Burundi *Mpwemu Yera*, kutoka kitenzi *kwera*, kuwa mweupe, ambacho kina udugu na *-eupe* yetu. Yaani nchi moja ya Rwanda ina makanisa mawili, moja linamwita Roho kwa neno la kutakata la pwani, jingine kwa neno la weupe la kwao. Ukivuka kwenda kwa Wakikuyu utakuta *Mũtheru*, kutoka *thera*, kuwa safi. Waluo, ambao lugha yao si ya Kibantu hata kidogo, wana *Roho Maler*, na *ler* ni usafi na mwanga vikiwa kitu kimoja. Waganda wana *Mwoyo Mutukuvu*, kutoka *okutukula*, kuwa safi. Tahadhari tu na hilo la mwisho: linafanana na *tukufu* yetu, lakini yetu imetoka kwenye kutukuka, kuinuliwa juu.

Hapa kwetu kitenzi mama, *takata*, kilidhoofika. Aliyekidhoofisha ni *safi*. Neno hilo lilikuja na Kiarabu likiwa kivumishi kilicho tayari, fupi, lisilobadilika umbo kwa ngeli yoyote: maji safi, nguo safi, mtu safi. *Takata* lilikuwa kitenzi tu; ili uliseme ilibidi uzungushe, "maji yaliyotakata", "nguo iliyotakata". Mwenye haraka sokoni atachukua lipi? *Safi* ikazaa safisha, usafi, msafi, usafishaji, ikaingia hata kwenye salamu. Kijana akiulizwa "Mambo?" anajibu "Safi", wala hafikirii doa wala sabuni. *Takata* likabaki kwenye kamusi, kwenye mashairi na midomoni mwa wazee kama bibi. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya 1981 bado inalo. Watoto wake *takasa* na *takatifu* waliponea kwenye nyumba za ibada.

Kisha likafufuka, tena mahali asipotarajia mtu. Sheria za kudhibiti fedha haramu zilipoanza kutungwa (ya Tanzania Bara ni ya 2006), walihitaji jina la kosa la kupitisha mapato ya uhalifu kwenye biashara halali ili yaonekane ya halali. Kiingereza husema fedha hizo zinafuliwa kama nguo. Kiswahili kingeweza kusema ufuaji au uoshaji wa fedha. Kikaenda kuchimba *takata*, kikapata *utakatishaji fedha*. Wengine huandika *utakasishaji*. Tangu hapo kila siku magazeti yanatuletea watuhumiwa wa utakatishaji waliopandishwa kizimbani Kisutu na kurudishwa rumande kwa kuwa kosa hilo halina dhamana. Mdogo wako amelikutia hapo, na simlaumu. Mtu wa rika lake pengine hajawahi kulisikia neno hili likisemwa juu ya mbingu.

Angalia lakini umbo walilochagua. *Takasa* lilikuwapo, zuri na fupi, lakini wengi hawakulichukua: kusema mshtakiwa "alitakasa fedha" kungesikika kama alizipeleka altareni. Wakaunda kisababishi cha pili, *takatisha*, kwa njia ya kisasa ya *-isha*. Sasa kitenzi kimoja kina visababishi viwili, kimoja cha roho na kingine cha mashtaka, na msemaji wa Kiswahili havichanganyi. Hata wanaoandika *utakasishaji* wamejitahidi kuweka silabi ya ziada kati ya mwizi na mtakatifu.

Mimi binafsi naona lile la mahakamani lina kasoro. Kinachotakata kimetakata mpaka ndani, lakini fedha ile inasafika jina tu, ndani ni ile ile. Ila ndiyo imeshaingia kwenye sheria na kwenye redio, na lugha haisubiri kibali changu.

Basi, kijitabu. Mdogo wako yuko sawa kuhusu gazeti la leo, na hayuko sawa kuhusu asili. Mjomba amekusudia heshima, lakini "mtakatifu" chini ya picha kutaleta maneno. Kwa Waanglikana wenzenu, na zaidi kwa Wakatoliki watakaohudhuria, hicho ni cheo kinachotangazwa na kanisa. Mashahidi wa Uganda walisubiri mpaka 1964, na Mwalimu Nyerere pamoja na yote bado anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kutakuwa na shangazi mmoja atakayeuliza kwa sauti bibi yenu alitangazwa lini.

Wewe ndiye uliyelipata neno. Swali lililobaki ni umbo lake. "Moyo wake ulitakata" sikushauri. *-Li-* ya peke yake inaacha nafasi ya mtu kuuliza ulikuja kuchafuka lini. "Moyo wake umetakata" ni maneno ya bibi mwenyewe, lakini aliyasema juu ya watu walio hai mbele yake. Andikeni "Aliyetakata moyo", bila kuongeza kitu, halafu jina na miaka yake. Na kama kuna nafasi ndani ya kijitabu, mjukuu mmoja aandike mistari miwili kwamba hii ndiyo sifa aliyokuwa akiwapa wengine, na awataje wale wachache aliowapa, kama bado wapo wa kukumbuka ni akina nani.